Majeneza Mawili ya Stany

Huko Kapata, mtaa wa wachimba migodi wa Lualaba, hakuna mtu anayekataa kitu kinacholetwa kwenye kilio. Mtu akija na gunia la unga, linapokewa. Akija na sukari, inapokewa, hata kama jana alikutukana mbele ya watu. Kwa maana ukikataa, umesema. Umesema kwamba mkono ule uliokuletea unga ndio uliomla marehemu wako, ndio uliomuua, na neno hilo likishatoka hakuna wa kulirudisha mdomoni.

Mama Laurentine alilijua hilo tangu utoto wake Manono, kaskazini mwa Katanga. Alifika Kapata akiwa bibi harusi wa mfanyakazi wa kampuni ya migodi, enzi ambapo zile nyumba za safu bado zilipakwa chokaa na kampuni ilitoa unga, mafuta na shule. Kisha kampuni ikaanguka polepole, kama mtu mzima anavyougua. Mumewe alikufa akiwa bado anaamka alfajiri kufunga kamba za viatu vya kazi, ingawa kazi yenyewe ilikuwa imekwisha. Laurentine akabaki na nyumba, na sufuria ya kukaangia maandazi kando ya barabara ya kwenda mjini. Watoto aliowazaa walimtoka mmoja mmoja, kwa surua, kwa malaria. Alibaki Stany. Naye aliacha shule, akachukua nyundo na patasi, akaingia mashimoni na vijana wenzake kuchimba shaba na kobalti kwa mikono.

Mwaka huo mvua na kampeni zilikuja pamoja. Lualaba ilikuwa ikijiandaa kuchagua wabunge wa jimbo, na vyama vilikuwa vimejikusanya katika miungano miwili, Taa na Daraja. Taa walivaa njano, Daraja buluu, na hapakuwa na ukuta uliosalia bila sura ya mtu anayetabasamu. Kwa kawaida, mvua zikianza, mashimo huachwa yapumzike, kwa sababu udongo unakuwa mzito na hautabiriki. Mwaka huo hayakupumzika. Mgombea wa Taa, Honorable Dimitri, alikuwa na depo ya kununua madini na alitaka mifuko ijae kabla ya kura. Mgombea wa Daraja, wakili Maître Benoît, aliwaahidi wachimbaji katika kila mkutano kwamba hakuna atakayewafukuza shimoni, iwe jua, iwe mvua. Basi wakashuka. Asubuhi moja ardhi ikajifunga, na Stany alikuwa chini yake.

Wenzake walimfukua kwa mikono wakampeleka morgi, chumba cha maiti cha mjini.

Kilio kikawekwa uani. Kabongo, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa akizunguka mtaani na kipaza sauti cha Taa, alileta turubai la njano na viti. Mbayo, kaka yake Laurentine, alitoka Fungurume na vitenge vya buluu vya Daraja kwa ajili ya akina mama wote. Laurentine alipokea hiki, akapokea na kile. Alisema aksanti, akasema aksanti. Wanawake wakalia chini ya turubai la njano wakiwa wamejifunga buluu, na sura ya Maître iliyochapwa kitengeni ikakunjamana magotini mwao.

Asubuhi ya mazishi yalifika magari mawili, kila moja na jeneza.

"Hii sanduku ni ya Honorable," alisema Kabongo. "Mutoto ni wa lupango ya tata yake, nyumba ya baba. Sisi njo tunamuzika."

"Na tumbo yenye ilimubeba ni ya nani?" Mbayo akauliza. "Ya Maître ilifika mbele ya yenu. Uliza chauffeur."

"Ilifika mbele, lakini verni, rangi yake, ingali mubichi. Itamushika nguo."

"Na yako iko mufupi. Stany alikuwa murefu. Ama Honorable hakumujua?"

Nyuma kabisa mtu alicheka, kisha akaona aibu akajikohoza. Vijana wa Taa walishika jeneza lao upande wa lango, wa Daraja wakalizuia kwa lao. Kiti kikaruka. Wanawake wakaburuta mikeka yao kando.

Hapo ndipo alipoingia Ntambwe, mchimbaji aliyekuwa akishuka shimo moja na Stany. Alichuchumaa mbele ya Laurentine.

"Mama, courant ilikatika, umeme hakuna ku morgi tangu jana. Banasema tumutoshe mule leo, tumuzike. Joto iko mingi. Hata saa hii..."

Laurentine alisimama. "Muchague moja," aliwaambia shemeji na kaka. "Moja tu. Tuende."

"Ukichukua ya Daraja," Kabongo akasema, "Honorable atajua unamushitaki. Na anatoka Tenke saa hii, iko njiani. Tumungojee aseme maneno mafupi."

"Na ukiacha ya Daraja, Maître naye?" Mbayo akamwambia dada yake. "Yaya, usitutie mu mambo."

Aliwatazama wote wawili. Hakuna aliyekuwa mtu mbaya. Kabongo alimbeba Stany mgongoni alipokuwa mchanga. Mbayo ndiye aliyemfundisha kupanda baiskeli. Lakini kila mmoja alikuwa na simu mkononi, na kila simu ilikuwa na mtu wa kuitikiwa.

Akaingia ndani. Akatoa mkeka, na blanketi ambalo mama yake alimpa siku ya harusi, lililokuwa likingoja kumfunika yeye mwenyewe siku ya kuzikwa. Akatokea mlango wa nyuma pamoja na Ntambwe. Wenzake Stany walikuwa pale na pikipiki ya magurudumu matatu, ile wanayobebea mifuko ya madini. Uani watu waliendelea kugombana, na kwa muda mrefu hakuna aliyegundua kwamba mwenye kilio hayupo.

Wakamchukua Stany morgi, na makaburini vijana wakachimba wenyewe. Ilikuwa kazi wanayoijua. Walimshusha Stany katika mkeka na blanketi, na Laurentine alikuwa amepiga magoti ukingoni wakati Kabongo aliposhuka kwenye pikipiki, akihema.

"Mama Stany. Sanduku mbili ziko mu lupango, pale uani, wazi, hakuna mutu ndani. Unajua batu banasema nini?"

"Banasema nini?"

"Banasema wewe unasema bale babili njo balimukula."

"Mi sikusema kitu."

"Njo maana nilikuja. Sema. Sema tu ni mvua ilimuua. Honorable alifika, bako na camera. Maître naye iko pale anaomba ile ile. Balipatana."

"Balipatana," alirudia Laurentine.

"Juu ya hii, ndiyo."

"Mvua haina depo," alisema Ntambwe, bila kuinua macho kutoka kwenye sepetu.

"Nyamaza, wewe." Kabongo akashusha sauti. "Mama Stany, nyumba ni ya kaka yangu. Ukoo unaweza kukaa kikao, unaweza kuamua utoke. Neno moja tu, na nitasimama juu yako, nikutetee. Usiponipa, nitasimama na nini?"

Laurentine alitazama chini. Blanketi lilikuwa limefunuka kidogo upande wa miguu. Akajilaza kifudifudi kwenye matope, akanyoosha mkono kadiri alivyoweza, akalivuta mpaka likafunika. Ntambwe alimshika kiuno asianguke.

"Mama, tufukie?"

"Mufukie."

Udongo ukaanza kushuka. Simu ya Kabongo ikalia mfukoni. Aliiacha ilie, ikanyamaza, ikalia tena. Kisha akageuka, akasogea hatua chache kati ya makaburi, akaiweka sikioni.

"Ndiyo, Honorable," alisema. "Ndiyo, niko naye. Hapana. Bado hajasema."