Video ya Sita ya Mama

Dada yangu mkubwa alifika Mubi akiwa amefunga kompyuta yake mgongoni kwa kitenge, jinsi watu wanavyobeba mtoto. Alitoka Kalembe, ambako walikuwa wamekimbia vita kwa mara nyingine na kuacha maharagi shambani. Alitembea siku tatu, na mvua ilimpiga karibu njia yote. Mume wake alikuwa ametangulia Kisangani na watoto. Kamiyo, lori la kumpeleka huko, ilikuwa iondoke kesho yake alasiri.

Kwenye kompyuta ile kulikuwa na video sita za Mama, alizozirekodi dada katika miezi ya mwisho ya Mama. Mimi wakati ule nilikuwa Mubi nafundisha. Kila mara nilisema barabara ni mbaya, nitaenda likizo ikifika. Nilifika Mama akiwa ameshazikwa. Nilirudi na Papa, tukaishi wawili, na hatukuwa tumeziona video zile hata mara moja.

Asubuhi ya safari tuliwasha kompyuta. Iliwaka, lakini matundu ya kuchomekea flashi yalikuwa yameingia maji na hayakusoma kitu. Ikabaki njia moja tu, kupitisha video kwa waifai ya nyumba hadi kwenye kompyuta yangu. Nilikuwa na kisanduku cha waifai kilichokula umeme wa plake ya jua, nacho nilikifungia ndani ya kabati la chuma kwa sababu paa lilivuja.

Video ya kwanza ilianza kupita. Kwenye skrini pakaandikwa kwamba zimebaki saa kumi na moja kumaliza zote sita.

"Ni mashini yako, dada," nilisema. "Imenyeshewa."

"Kule Kalembe ilikuwa inapitisha muzuri. Hii kisanduku yako, juu ya nini umeifungia mu kabati?"

"Kabati haina shida."

Nilisema hivyo kama mwalimu anayemnyamazisha mwanafunzi. Nikazima simu zote za nyumba. Nikahamisha meza hadi kando ya kabati. Nikazima kisanduku na kukiwasha tena, mara mbili, na kila mara video iliyokuwa inapita ilianza upya kutoka sifuri.

"Wacha iende, hata pole pole," dada aliniomba. "Unaiuwa kila saa."

Sikumsikiliza. Nilijiona ninafanya kazi, na mtu anayefanya kazi hapati nafasi ya kufikiri kwa nini hakwenda Kalembe. Papa alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mikono juu ya magoti, akitutazama kwa zamu.

Karibu na saa sita mchana dada aliuliza habari ya kabati tena. Safari hii hakungoja jibu. Alifungua mlango, akakitoa kisanduku na waya zake, akakiweka juu ya meza katikati ya zile kompyuta mbili. Saa kumi na moja zikawa nne.

Niliona aibu, na aibu ndiyo iliyonifungua akili. Nikaelewa kwamba kila kipande cha video kilipanda kwanza kwenye kisanduku, kisha kikashuka kwangu, kikipita hewa ileile mara mbili. Nikaifanya kompyuta yangu itoe mtandao wake yenyewe, na ile ya dada ikajiunga nayo moja kwa moja. Sasa video moja ilipita kwa muda wa kupika fufu. Tungefanya hivyo asubuhi, zote zingekuwa zimemalizika kabla ya chakula.

Ya tano ilipomalizika, mawingu yalikuwa yameshafunika msitu na plake haikupata jua tena. Betri ya kompyuta ya dada ilikuwa imekufa zamani. Ilitegemea umeme wa nyumba peke yake. Video ya sita ilipita nusu, ikapita zaidi ya nusu. Kisha skrini yake ikawa nyeusi. Nilihamisha waya, nikabonyeza, nikangoja, nikabonyeza tena. Kile kipande kilichofika kwangu kilikataa kufunguka.

Dereva wa kamiyo alikuwa ameanza kupiga honi.

"Ile ya sita," dada alisema huku akifunga kitenge chake, "Mama alikuwa anaongea na wewe."

"Alisema nini?"

"Aliongea murefu. Aliuliza kama unakula." Alifikiri. "Ingine sikumbuke muzuri, kaka. Nilikuwa nalia, nilijua iko mu mashini."

Hakunilaumu. Alimshika Papa mkono, akapanda kamiyo na kompyuta yake. Baada ya wiki mbili alinipigia simu kutoka Kisangani. Fundi alikuwa ameifungua, akaona kutu imekula sehemu inayohifadhi vitu, na hakuna cha kuokoa.

Zile tano tulizitazama Jumapili, baada ya ibada, mimi na Papa. Katika moja Mama alichambua majani ya sombe na kumsimulia dada jinsi walivyokutana na Papa kwenye ubatizo wa mtu, na akakosea jina la kijiji. Papa alimsahihisha kwa sauti, akangoja. Mama aliendelea na habari nyingine. Papa akaniomba nizime, akatoka nje kuanua nguo, ingawa zilikuwa bado mbichi.