Usajili wa Tonton Tavita

Nyumba yetu ya Newburg, mtaa wa Louisville, ilinuka dawa ya kuchua misuli na wali wa nazi ya kopo. Harufu zote mbili zilikuwa za mtu mmoja, Tavita, mshambuliaji kutoka Tuvalu, visiwa vidogo vya Pasifiki ambavyo hata mwalimu wangu alivitafuta kwanza kwenye ramani kabla ya kunijibu. Alifunga mizigo ghala moja na Baba, kule Jeffersontown. Mama alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyotangulia, na Baba, aliyefanya zamu ya usiku, hakuwa na mtu wa kuniachia. Tavita alifanya zamu ya mchana na hakuwa na pa kulala. Wakapatana: yeye apate chumba, mimi nipate mtu wa kuwa nami usiku. Nilikuwa msichana wa miaka tisa. Nilimwita tonton, kama sisi Wakongo tunavyowaita wanaume wa rika la baba zetu, naye akaitika.

Jioni, akikoroga sufuria, alinisimulia maisha yake ya mpira kwa Kiswahili alichokiokota kwetu. Kwao ndege ikishaondoka watu huingia kwenye njia yake na kucheza, na hapo ndipo alipojifunza kupiga mashuti. Aliichezea timu ya taifa. Walifungwa vibaya, na bao lao la pekee alilifunga yeye. Baadaye ikaja klabu ndogo ya New Zealand, kisha goti, kisha mke Mmarekani aliyemleta Kentucky na kumchoka. Yote hayo aliyasema kwa sauti ya mtu anayesoma bei za vitu dukani, na mimi nilipenda hivyo. Wamama wa kanisa walikuwa wakinishika kichwa na kulia, wakingoja nami nilie, wakati sikuwa na chozi wala neno. Tavita hakuningoja nilie. Alipakua, tukala.

Jumamosi aliichezea timu yetu, Wakongo wa Louisville. Timu zetu hazina pesa za kununua mchezaji, kwa hiyo usajili wetu hupitia ghalani. Mzee wa kanisa wa mji mwingine, ambaye kazini ni msimamizi, akimpenda mtu humtafutia zamu nzuri na chumba kwenye familia fulani, na muda si muda keshahama. Ndivyo tulivyompoteza kipa wetu. Basi tulipokwenda kwenye mashindano ya Columbus, Baba, aliyekuwa kocha, alisema njiani, “Tonton akifunga leo, bale batu ba Columbus batamubeba.” Wachezaji wakacheka. Baba akanigeukia mimi. “Akibebwa, weye utaenda kwa shangazi yako Buffalo. Bon, tutafanya namna gani?”

Tulipofika nilimfuata Tavita alikokuwa amekaa kwenye nyasi akifunga viatu. “Tonton, usifunge,” nilimwambia. Alikaza kamba za kiatu. “Nimesikia,” akasema.

Kipindi cha kwanza alitoa pasi tu. Baba alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na mimi, nimekaa juu ya sanduku la barafu, niliamini kwamba usiku ule tungerudi wote Newburg na wali ungepikwa. Kipindi cha pili ikapigwa kona, mabeki wakagongana, mpira ukamwangukia yeye mguuni. Akapiga. Wenzake walimrukia, lakini yeye hakunyanyua hata mkono, akarudi katikati ya uwanja ameinamisha kichwa. Muda mfupi baadaye akafunga la pili. Mzee mmoja aliyevaa koti la kanisani akamkaribia Baba. “Donc, ndugu yangu, huyu muntu anafanyaka kazi wapi?” Baba alimjibu bila kunitazama. Nilikuwa na soda mkononi, nikaimaliza. Sikuhisi kitu.

Kabla shule hazijafunguliwa Tavita alikuwa Columbus, na mimi nilikuwa Cheektowaga, pembeni mwa Buffalo, kwa Shangazi, chumba kimoja na binti zake, ndege zikipita juu ya paa. Baba alikuja sikukuu, kisha akawa anapiga simu. Chupa ya dawa ya kuchua niliikuta dirishani siku ya kufungasha, nikaiacha palepale.

Buffalo ilimsajili Tavita mwisho kabisa, goti likiwa limeshakwisha, nami nimeshakuwa mtu mzima. Sasa anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo, na Jumapili tunakaa kanisa moja. Siku moja nilimuuliza kama alikumbuka nilichomwomba. Alikumbuka. “Sasa kwa nini, tonton?” Alikanda goti lake. “Mupira ulinifikia,” akasema. Nilitaka kumkasirikia, hasira haikuja.

Wiki iliyopita nilipata kazi ya usimamizi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Columbus. Ni zamu ya mchana, mshahara ambao sijawahi kuuona. Binti yangu atabaki hapa na Shangazi mpaka nipate nyumba, na kupata nyumba kunaweza kuchukua muda. Jana, nikimchana nywele, aliniuliza kwa Kiingereza chake kama siwezi kuikataa hiyo kazi. Nilikuwa nimeshasaini. Nilimaliza kumchana, nikamwambia nimesikia.