Vigae vya Makaburini

Oneida Battle aliendesha basi la shule miaka mingi huko kwao jimbo la Georgia, Marekani, na katika kioo cha dereva aliona watoto weusi wakirefuka bila kujua walikotoka. Kitabu cha shule kiliwapa watu wao kurasa mbili: pamba na minyororo, basi. Alipostaafu akafungua darasa la historia, kila Jumamosi, katika chumba cha chini ya kanisa. Alikuwemo hata Mirlande, binti wa Wahaiti waliokuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuku.

Ilibaki wiki moja kufika Jumapili ya Kurudi Nyumbani, siku ambayo ndugu hutoka Atlanta na hata Chicago kuja kula pamoja na kuzuru makaburi ya wazee wao. Oneida akawapeleka watoto kung'oa magugu kwenye makaburi ya kanisa, akaenda dukani kuchukua barafu. Aliporudi, aliutua mfuko wa barafu chini. Makaburi yalikuwa matupu kama uwanja wa mpira, na toroli limejaa vikombe vilivyovunjika, sahani, kombe za baharini na chimni za taa.

"Tumetoa takataka zote, Bi Oneida!" alisema mvulana Tavaris, jasho likimtiririka.

Oneida akakalia ndoo. Mbao zenye majina zililiwa na mchwa zamani. Jina la marehemu lilikuwa kigae chake: kikombe alichonywea mwisho, kimevunjwa na kuwekwa juu ya kaburi lake ili mauti yasirudi nyumbani kuchukua mwingine. Hilo hakuwahi kuwafundisha. Alidhani kila mtoto huzaliwa akilijua.

Shemasi Tolliver akafika akitafuna kijiti. "Dada Oneida, nilikwambia uwafundishe Zaburi tu. Hiyo historia yako imewafuta wazee wetu asubuhi moja! Jumapili nitasimama niseme darasa lifungwe."

"Jumapili bado, Shemasi. Sogea, umemkanyaga shangazi yako."

"Umejuaje kama ni shangazi?"

"Sijui. Ndiyo maana nakwambia sogea."

Oneida hakulia. Alipakia vigae kwenye gari la kanisa, na kila jioni akawapitisha watoto vibarazani kwa wazee, kila mtoto na kigae mkononi.

Bi Verdell Mims, ambaye macho yalikuwa yamefifia, alipapasa sahani ya maua akacheka. "Huyu Lugenia! Alimfukuza mwenye shamba kwa ufagio, alipokuja kumtoa mwanawe shuleni akachume pamba. Yuko chini ya mwerezi."

"Kwa ufagio?" Tavaris akaangua kicheko.

"Cheka tu. Pua hiyo unayochekea ni ya kwake."

Tavaris akajishika pua. Siku ile sahani aliibeba kwa mikono miwili mpaka chini ya mwerezi.

Nyumba kwa nyumba, vigae vikarudi kwao. Kufikia Jumamosi kilibaki kikombe cha kijani kisicho na mkono, ambacho hakuna aliyekijua, na kaburi moja tupu karibu na uzio. Wakakiweka hapo.

"Kwetu, maiti asiye na ndugu naye huwashiwa mshumaa," alisema Mirlande.

"Sisi Wabaptisti hatuwashi mishumaa," Tavaris akadakia.

"Basi wewe shika kiberiti," alisema Oneida.

Jumapili, baada ya mahubiri, Shemasi Tolliver alisimama na kukohoa. Oneida naye akasimama. "Kabla hujasema, Shemasi, twende nje. Ukirudi, useme unavyotaka."

Kanisa zima likatoka. Kila mtoto alisimama kando ya kaburi la kigae alichokibeba. Chini ya mwerezi, Tavaris aliwasimulia wageni wa Chicago habari za Lugenia, ufagio na yote, na mama mmoja mwenye kofia ya manyoya akafuta machozi huku akicheka.

Shemasi alipita taratibu, kaburi hadi kaburi, akisikiliza. Akafika kwenye uzio, penye mshumaa.

"Hiki cha kijani cha nani?"

"Hatujui," alisema Oneida. "Ndiyo kazi ya Jumamosi ijayo. Tunaanza saa tatu, Shemasi, na anayechelewa namfungia mlango."

Shemasi akatoa kijiti mdomoni. "Mama yangu alikuwa na birika la rangi hii," alisema. "Nitalitafuta, nije nalo Jumamosi."