Ukelele wa Jumamosi

Kwenye karakana ya ushonaji walimwita Fundi, basi, kana kwamba mafundi wengine wanne waliokaa humo walikuwa wapita njia. Alistahili. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa ameshona magauni ya harusi, suti za mazishi, na sare za watoto ambao sasa walimletea sare za watoto wao, na hakuna nguo iliyorudi kwa kosa lake. Ikirudi kwa kubana, mwenye nguo ndiye aliyenenepa, na Fundi alimwambia hivyo mbele ya watu. "Umeongeza tumbo, mama. Kitambaa hakina kosa." Mama akacheka kwa aibu, na mwezi uliofuata akarudi na kitambaa kingine.

Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni kusoma. Si kwamba hakujua kabisa. Aliacha shule darasa la nne, mama yao alipofariki, akabaki nyumbani kumlea mdogo wake ambaye hata meno alikuwa hajaota. Vipimo aliandika, majina ya wateja aliyasoma, lakini kwa mwendo wake mwenyewe, herufi moja baada ya nyingine, kidole kikifuata. Yule mdogo alisoma mpaka akachoka mwenyewe, na ada yote ilitoka kwenye sindano ya dada yake. Walimwita Chiriku tangu utotoni, maana mdomo wake haukujua kupumzika, na sasa alikuwa mtu mzima mwenye saluni ya kusuka nywele, mitaa miwili kutoka karakana.

Mume wa Fundi alipokufa, nyumba ilinyamaza vibaya. Watoto hawakujaliwa, redio aliichukia, majirani walikuja wakachoka. Jumamosi moja saa kumi jioni Chiriku aliingia bila hodi, akamkalisha dada yake kwenye kochi, akaanza kuchomeka nyaya nyuma ya runinga.

"Dada, kuna tamthilia. Ina ngome, ina majitu, ina mtoto anayeongea na ndege. Usinune, utaipenda."

"Wanaongea lugha gani?"

"Ya kwao huko. Tafsiri inapita hapa chini."

"Sasa mimi nitasomaje vitu vinavyokimbia?"

"Nitakusomea."

Na sheria aliiweka Chiriku mwenyewe, kwa mdomo wake, hakushikiwa panga. Tamthilia hutoka Alhamisi. Wao wataitazama Jumamosi, pamoja, na hakuna kutangulia. "Piga ua, Dada, simwachi mtu nyuma. Nikikutangulia nikatwe ulimi." Fundi akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Ulimi ule, alisema, ungehitaji mkasi wa karakana.

Basi miaka mitano ikapita hivyo. Majina ya watu wa kwenye tamthilia yaliwashinda kutamka, wakawabatiza upya. Mfalme wakamwita Mikono Mitupu, kwa kuwa kila vita alirudi bila kitu. Jemadari akawa Pua. Bibi kizee aliyelinda mlango wa chini kabisa wa ngome, mlango ambao nyuma yake lililala jitu kubwa kuliko yote, akaitwa Mama Funguo. Fundi alileta nguo ya kupinda kwa mkono, Chiriku alisoma mistari kwa sauti, akibadilisha sauti kwa kila mtu, na palipokuwa pa kuogopa alipiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta. Mwanzoni mwa sizoni hii ya tano, daraja lilipokatika na jeshi zima likaingia mtoni, alimkamata dada yake mkono kwa kucha zote. Usiku ule Fundi aliziona alama za kucha akioga, na akatabasamu peke yake kama mwehu. Tamthilia kwake ilikuwa nusu tu ya raha. Nusu nyingine ilikuwa kuogopa pamoja na mtu.

Sasa ikaja ile sehemu iliyogombanisha watu.

Ijumaa asubuhi karakana ilikuwa imechafuka. Mpiga Pasi, mwanamume mnene aliyependa kulalamika kuliko kula, aliingia akiwa tayari amekasirika.

"Saa nzima! Saa nzima namwangalia kizee amekaa mbele ya mlango! Nikadhani runinga imeganda, nikaizaba kofi."

"Mimi nimesinzia," akasema mama mmoja aliyeshona sare, "nimeamka, bado amekaa. Nimekwenda kuosha vyombo, nimerudi, amekaa."

"Ila mwisho wake sasa…"

Fundi akapiga meza kwa mkasi. "Midomo!"

"Hatujasema kitu, Fundi. Tumesema amekaa."

"Na kukaa kwenyewe mngeniachia nijionee."

Sheria ya Fundi waliijua wote. Waliangaliana kidogo, Mpiga Pasi akamrushia macho mama wa sare, kisha kila mtu akarudi kwenye kazi yake. Fundi aliona ule mtazamo. Alidhani wanamcheka kwa kuwa mtu mzima anayelinda hadithi, hakujali.

Jumamosi saa kumi Chiriku alifika amechoka, akavua viatu, akajitupa kwenye kochi na simu mkononi. Fundi alikuwa na gauni la mteja mapajani, pindo zima la kushona. Baada ya dakika kumi sindano ilikuwa imesimama.

Jamani, kilikuwa kitu kizuri! Mama Funguo amekaa kwenye kigoda, funguo kiunoni, maji yanadondoka mahali fulani gizani. Nyuma ya mlango kitu kinapumua. Watu wanashuka ngazi mmoja mmoja kumwomba afungue: kwanza Pua, kisha Mikono Mitupu, kisha yule mtoto anayeongea na ndege. Hakuna upanga, hakuna moto. Yeye anawajibu taratibu, anakataa, wanaondoka, pumzi nyuma ya mlango inazidi. Fundi alimwelewa yule bibi kuliko mtu yeyote aliyewahi kumwona kwenye runinga. Hata yeye alikuwa amekaa miaka yote kwenye kigoda, akifanya kazi ya polepole huku watu wamemsimamia wakipiga kelele, wanataka sasa hivi.

Tatizo lilikuwa Chiriku. Mama Funguo aliongea, aliongea, aliongea kwa muda wa kutosha mtu kushona vifungo viwili, halafu Chiriku akasema, "Amekataa."

"Maneno yote yale, amekataa tu?"

"Lugha yao ndefu, Dada."

Yadi tano za kitambaa, imetoka leso! Fundi akamgeukia. "Nisomee yote."

"Ni porojo. Anaeleza mambo ya ujana wake."

"Nisomee hizo porojo."

Chiriku akaguna, akasoma mistari miwili mitatu kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni, akarudi kwenye simu yake. Mteja alikuwa anamuuliza nafasi ya kesho. Kwenye runinga watu wote walikuwa wameondoka. Mama Funguo alibaki peke yake. Akainuka, akaenda mlangoni, akaegesha sikio. Muziki ukabaki uzi mmoja mwembamba. Ile pumzi ikakoma.

"'Kumbe hukulala hata siku moja,'" akasoma Chiriku, macho kwenye simu.

Fundi akatazama runinga. Mdomo wa Mama Funguo ulikuwa umefungwa. Chini, pale panapopita maandishi meupe, palikuwa peusi. Fundi alihesabu pumzi zake mwenyewe: moja, mbili, tatu, nne. Kwenye ya sita bibi kizee akatoa sikio mlangoni, uso ukambadilika, akafungua mdomo, akasema, na ule mstari mweupe ukapita.

Hapo ndipo Chiriku alipoinua kichwa. "Mungu wangu! Kumbe liko macho!" Akapiga ukelele, akamkamata dada yake mkono.

Fundi akautazama ule mkono. Akachukua rimoti kwa mkono wa pili, akasimamisha picha.

"Umeusoma wapi huo mstari?"

"Upi?"

"Umeusoma kabla hajasema. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, na chini hapakuwa na kitu."

Chiriku akaiweka simu chini kwa uangalifu kana kwamba ni yai.

"Saluni tunaweka kila Alhamisi," akasema mwishowe. "Wateja wanataka. Nifumbe macho kazini, Dada? Mtu nimemshika kichwa?"

"Tangu lini?"

"Sizoni hii. Na ile nyingine, kwenye mwisho mwisho."

"Daraja?"

"Dada…"

"Daraja, nakuuliza. Ulinikwaruza mkono."

Chiriku akatazama sakafu. "Nilitaka ufurahi."

"Na siku ndege wa yule mtoto alipokufa? Ulilia hapo ulipokaa. Nilikupa pindo la gauni la watu ujifute."

"Ile nililia kweli! Haki ya Mungu. Alhamisi nililia kweli kabisa."

"Na Jumamosi?"

Chiriku akapandisha sauti, maana mwenye kosa akibanwa hupata hasira. "Ni tamthilia tu, Dada! Sijakuibia mume! Nasimama kutwa nzima, miguu imevimba, na kila Jumamosi nakuja. Kuna hata moja niliyokosa? Nakuja kukusomea!"

"Kunisomea," akasema Fundi. "Mimi nilidhani unakuja kutazama."

Chiriku akavaa viatu. Mlangoni aligeuka kama anayetaka kusema jambo, lakini dada yake alikuwa ameshainamia pindo. Alipoondoka, Fundi aliliacha gauni likaanguka, akalia kwa hasira. Alikuwa amechezewa shere sebuleni mwake, na mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kutembea, na uchungu wake haukuwa na pa kuupeleka. Amwambie nani? Kwamba mdogo wangu amejifanya kuogopa pamoja nami?

Jumatatu alikata mikono miwili ya shati, yote ya kushoto. Hakuna aliyethubutu kucheka. Mpiga Pasi, akidhani anamchangamsha, akasogea.

"Sasa umeshaona, tunaweza kuongea. Nilimtukana bure yule bibi! Ule mwisho umelipa saa yote. Nimerudia mara tatu. Tena mke wangu alikuwa anasukwa saluni Alhamisi ile, anasema Chiriku alipiga ukelele mpaka kitana kikaruka kikampiga mteja wa—"

Akajikata. Pasi ikatoa moshi kwenye suruali ya mtu.

"Mlikuwa mnajua," akasema Fundi.

Mama wa sare akaanza kutafuta uzi ambao alikuwa ameushika mkononi. "Tulidhani na wewe unajua, Fundi. Tulidhani mnafanya hivyo kwa mchezo."

Basi ukelele wenyewe ulikuwa umepigwa Alhamisi, katikati ya watu na vitana. Kilichomfikia yeye Jumamosi ni masazo, na mtaa mzima ulijua anakula masazo. Fundi akachukua kitambaa kingine, akakata mkono wa kulia, akashona shati la watu. Wiki ile hakumpigia mdogo wake simu, wala mdogo wake hakumpigia.

Jumamosi saa kumi Chiriku alikuwa mlangoni. Safari hii alibisha hodi.

"Alhamisi nimezima runinga," akasema kabla hajakaribishwa. "Waulize. Wateja wamenisema, mmoja ameondoka na nusu kichwa hakijasukwa. Sijaona kitu, Dada. Sijauliza mtu. Nimepita njia ya nyuma siku mbili nisisikie watu wakiongea."

Fundi hakuwauliza wala hakumfukuza. Alisogea kwenye kochi, akampisha.

Chiriku alisoma vizuri siku hiyo, kila mstari, kila neno, hata "ndiyo" na "haya". Simu aliiacha ndani ya mkoba. Alisoma Mama Funguo kwa sauti yake ya zamani ya kukwaruza, na Mikono Mitupu kwa sauti ya puani. Pindo likasonga mbele. Kuna mahali Fundi karibu acheke, akajizuia.

Kisha Mama Funguo akashuka ngazi na taa, akachomeka ufunguo mlangoni. Muziki ukawa uzi mmoja. Ufunguo ukazunguka. Chiriku akaacha kupumua, akamkamata dada yake mkono, na mlango ulipofunguka akapiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Kilichotoka mlangoni Fundi hakukiona. Alikuwa amegeuka, anautazama uso wa mdogo wake, karibu kabisa, kama anavyokagua mshono. Macho yamemtoka. Midomo inatetemeka. Kucha zimezama mkononi mahali palepale pa siku zote. Aliutafuta uongo kwenye uso ule aliouosha tangu ukiwa wa mtoto mchanga, hakuuona. Akautafuta ukweli. Ukelele ulikuwa wa siku ya daraja, ule wa kuigiza, uleule, haukupungua wala kuzidi.

"Umeona, Dada?" Chiriku alikuwa anahema, machozi yanamlengalenga. "Umeona kilichotoka?"

"Nimeona," akasema Fundi, akautoa mkono wake polepole, akaokota sindano.