Nani Alilima Mashamba ya Monasteri

Mwalimu Domnica alikijua kile kidole gumba ambacho msichana mmoja wa darasa lake alikisugua ukingoni mwa dawati kila swali lilipomkaa kooni. Hakuwa mtu wa kunyoosha mkono. Alizoea kusimama tu, koti mwilini, na kungoja aonwe. Siku mkaguzi wa elimu alipoketi nyuma ya darasa, Domnica alimwomba Mungu msichana asisimame. Akasimama. “Mwalimu, kitabu kinasema watawa ndio waliolima mashamba ya bonde letu. Walilima kwa mikono yao?”

“Keti, kunguru,” mvulana mmoja alimnong'oneza, kwa jina la dharau wanalotupiwa Waroma, kabila dogo la nchi hiyo na la msichana huyu. Msichana hakugeuka. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayeuliza njia. “Walilima watumwa,” Domnica alimjibu. “Waroma. Walikuwa mali ya monasteri, wakiuzwa na kurithiwa.” Kalamu ya mkaguzi ilisita. Msichana bado hakuketi. “Na kwenye mtihani, Mwalimu, tuandike la kitabuni au hilo?” Darasa zima liligeuka kumtazama mkaguzi, isipokuwa Domnica. “Hilo la watumwa,” alijibu Domnica. Ndipo msichana alipoketi, akaanza kuandika.