Vitumbua vya Bibi yake Zuhura

Asubuhi moja nilitoka Kilosa bila mpango, kama kawaida yangu. Tangu niache shule darasa la sita sijatulia mahali. Nilidandia fuso la mahindi linaloelekea Mikumi, na tulipofika Kisanga harufu ya vitumbua vya kibandani ikanirudisha utotoni.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka: fagio la chelewa mkono huu, kidumu cha maji ya shule mkono ule, na mchezo wa rede jioni hadi tuitwe kwa ukali. Sisi tulikuwa Waanglikana, majirani zetu Waislamu. Krismasi walikula pilau kwetu, Ramadhani tukanyemelea futari kwao.

Mwaka mmoja rafiki yangu Zuhura alifunga siku nzima kwa mara ya kwanza. Midomo imemkauka, anajigamba: "Yona, leo mimi mtu mzima!" Bibi yake aliweka vitumbua dirishani vipoe. Nikala vinne.

"Umekula mchana, halafu unatudanganya umefunga?" Bibi alimfokea Zuhura. Alilia hadi magharibi. Nami kimya.

Jumapili kanisani tulipiga magoti tukaungama, kasisi akatangaza ondoleo la dhambi, nikatoka mwepesi kama unyoya. Lakini siku moja kabla ya Idi, Zuhura alipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Madrasa walifundishwa kwamba ukimkosea mtu, umwombe msamaha yeye mwenyewe. Akafika kwetu.

"Yona, kama nimekukosea, nisamehe."

"Nimekusamehe," nikajibu. Mimi!

Ukubwani, katika kusomasoma kwangu, nikakuta kwenye Injili kwamba hata sisi tunaambiwa tuiache sadaka madhabahuni, tukapatane na ndugu kwanza. Kumbe nilisikia nusu tu.

Nilijua Zuhura ana gesti Mikumi. Niliposhuka, miguu ilienda yenyewe. Nikamkuta uani anaanika mashuka.

"Zuhura, vile vitumbua nilikula mimi."

Akaliacha shuka kambani. "Bibi amekufa anaamini ni mimi."

Nikaokota shuka jingine, nikamshikia ncha.

"Haya, mimi nimekusamehe," akasema, kisha akaanza kucheka. "Vinne, mlafi wewe! Ila ya Bibi siwezi kukusamehea. Muombee. Kwa Kikristo chako hicho hicho, Mungu atasikia."

"Nitamuombea."

"Afadhali wewe umekuja. Wanangu Idi ikikaribia wanatuma meseji moja kwa watu wote, 'nisameheni', wanarudi kwenye mpira."

Ni kweli. Enzi zetu ulibisha hodi, ukasimama mlangoni huku moyo unadunda, ukamtazama mtu usoni. Yeye alifanya hivyo akiwa mtoto, mimi nimeweza nikiwa na mvi.

Akanipa ufunguo wa chumba cha uani. Jua lilikuwa bado kali. Nikavua viatu, nikalala fofofo.