Kwa Papa Gracien, shujaa hakuwahi kufa

Saa nane mchana, Ijumaa, mtaa wa Mulongwe, Uvira. Umeme umerudi, na Gracien Kashindi hataki kupoteza hata dakika. Anafuta vumbi kwenye televisheni kwa mkono wa shati, anashika maneti yake, kile kidude cha vitufe cha kuchezea gemu, anakohoa kidogo. Nyuma yake watu kumi na mmoja wamebanana kwenye mabenchi matatu. Hakuna hata mmoja atakayecheza. Wamekuja kutazama na kumsikiliza.

Kwenye skrini, mpanda farasi anashuka mlima kuelekea ziwa. Gemu yenyewe inazungumza Kiingereza, lakini Gracien anaizungumzisha Kiswahili. Anakuwa mpanda farasi, anakuwa mwenye duka, anakuwa hata mbwa.

"Mupatie farasi mayi kwanza," anasema Maman Pudentienne kutoka benchi la mbele. Ana miaka sabini na mbili na hajawahi kugusa maneti. Farasi ananyweshwa.

Kila Jumamosi Gracien, mwenye miaka hamsini na minne, huhakiki gemu moja kwenye redio ya mtaani. Wasikilizaji wake, kuanzia Uvira hadi Luvungi, wengi hawatazicheza gemu hizo maishani. Wanataka tu kujua kama ni nzuri, na mwisho wake unakuwaje.

Swali hilo la mwisho ndilo linalomkosesha raha leo.

Kazi ya kusimulia aliianzia kwenye kibanda cha video kule Kalundu, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kanda zilifika kutoka Bujumbura, naye alisimama kando ya televisheni akitafsiri, au, kama anavyokiri akicheka, akitunga pale asipoelewa. Watazamaji walikaa kwenye mikeka, na harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa nje iliingia bila kulipa kiingilio.

Na mle ndani shujaa hakuwahi kufa. Akipigwa risasi, Gracien alisema amezimia tu, anapelekwa hospitali. Akizikwa, basi aliyezikwa alikuwa pacha wake.

"Batu balikuwa banatoka ku vita, banakuja kwangu kupumuzika," anasema. "Miye tena niue muntu mbele yabo? Hapana."

Maji ya ziwa la Uvira yalipopanda, kibanda kilimezwa. Leo mitumbwi inapita pale alipokuwa akisimama. Anapakumbuka mno, na haoni haya kusema. Kuna siku hushuka hadi ufukweni, akasimama tu, akarudi.

Tabia ya kibandani ilimfuata redioni. Mwaka jana alisifu gemu moja na kusema shujaa wake anazeeka akilima. Emery, muuza simu wa Luvungi, akainunua, akaicheza miezi miwili, akamwona shujaa akifa. Alipanda pikipiki hadi Uvira kulalamika. Josée, anayesimamia vipindi, hakufoka, ila alimwambia Gracien waziwazi kwamba uongo mmoja zaidi, kipindi kinakwisha.

Hii ya mpanda farasi ndiyo gemu kubwa ya kwanza tangu onyo lile. Imekula wiki saba. Jana aliimaliza peke yake, mlango umefungwa. Mpanda farasi anakufa darajani, na farasi anarudi nyumbani bila mtu.

Gracien anasema alilia, kisha akaona aibu, kisha akalia tena. Kwenye mabenchi hajamwambia mtu. Kwa kuwa alikuwa amehifadhi mchezo kabla ya daraja, leo amerudi nyuma, na watazamaji wake wanatazama mtu wanayedhani ana safari ndefu mbele.

Jumamosi alasiri anaketi mbele ya kipaza sauti. Anasifu mvua ya gemu hiyo, inayoonekana ikitoka mbali kama ya milima ya Uvira. Analaumu samaki, wanaovuliwa kwa urahisi mno. Wavuvi wa Kalundu, anasema, watacheka. Halafu anavuta kipaza sauti karibu zaidi, na Josée anainua kichwa.

"Muntu wa farasi anakufa," anasema. "Nilimuona na macho yangu, na haiko pacha yake. Lakini dunia ya ile gemu ni kubwa. Hakuna anakulazimisha kupita kwa daraja. Unaweza kubaki kwa ziwa mpaka utachoka."

Josée anaandika kitu kwenye daftari lake na kutikisa kichwa kukubali. Kipindi kimepona.

Anaporudi Mulongwe, Pudentienne yuko peke yake kwenye benchi, redio ndogo mapajani. Amesikia yote. Miaka thelathini, tangu kule kibandani, amekuwa akijua kwamba wale mapacha ni wa kutungwa, anasema, na hakuwahi kumuuliza kwa sababu hakutaka kujibiwa.

"Lakini ule wetu wa hapa, iko angali muzima?" anauliza.

Gracien anawasha televisheni. Mpanda farasi amesimama ufukweni. "Iko, Maman."

Anamweleza mpango wake. Atajenga ukumbi mpya mtaa wa juu, mbali na maji, wenye mikeka kama kile kibanda cha zamani. Siku ya kuufungua, watu wote wakiwa wamekaa, atampeleka mpanda farasi darajani na kutafsiri kila neno kama lilivyo. Anahitaji mabati ishirini.

"Weye uko na ngapi sasa?"

"Saba."

Pudentienne anamtazama farasi kwa muda mrefu.

"Basi," anasema, "usifanye haraka na mabati."